Hirizi ya mgonjwa usiikate kabla hujakaa na mama yake

Dada, weka mkasi chini kwanza. Umeandika kwamba umepangiwa wodi ya wagonjwa wa akili, kuna kijana amelazwa na hirizi mkononi, mama yake anasema ana jini, na kesho unataka kuikata ili "umwelimishe" huyo mama. Usithubutu. Mimi niliikata.

Wa kwangu aliletwa amefungwa kamba, hali, halali, usiku kucha anajibizana na watu asiowaona mtu mwingine. Daktari akaandika sindano ya haloperidol, dawa ya kutuliza kuona na kusikia visivyokuwepo. Namwandaa, nakuta hirizi ya kitambaa cheusi imefungwa juu ya kiwiko. Nikaikata, nikaitupa kwenye ndoo ya taka mbele ya mama mtu, nikamwambia hapa hakuna jini, huu ni ugonjwa. Hakunijibu. Aliinama akaiokota, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Kesho yake jioni shingo ya kijana ikapinda upande mmoja, macho yakageukia juu, taya likakaza. Wewe na mimi tunajua hiyo ni haloperidol, huwapata zaidi vijana wa kiume siku za mwanzo, na dawa ya kuituliza ipo, benzhexol. Lakini mama aliona nini? Jana mwanawe kavuliwa kinga, leo jini kamshika shingo. Ningemwambia nini akanisikia? Nahangaika na dawa, huku ndugu wameshapigiana simu. Wakamchukua. Aliporudi, miezi ilishapita, ana vidonda vya mnyororo miguuni, amekonda, na ugonjwa umekomaa kuliko siku ya kwanza.

Na aliyetufundisha hivyo bado ananiuma. Mkufunzi wetu alisimama darasani akasema ukiacha hirizi wodini umemkaribisha mganga, sisi tukaandika kwenye madaftari. Wakati huohuo Kleinman, daktari wa akili wa Marekani, alishaandika tangu miaka ya 1970 maswali ya kumuuliza mgonjwa yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, una mahojiano ya maswali 16 kwa kazi hiyohiyo. Leininger, muuguzi kama sisi, alijenga fani nzima juu ya uuguzi na utamaduni. Darasani kwetu hatukusikia hata jina lake. Tulifundishwa mkasi.

Mtakaokuja kusema naendekeza ushirikina, someni tena: nimesema shingo ilipindishwa na dawa. Ninachopigania ni mgonjwa abaki wodini apate tiba.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu mwilini mwake, vuta kiti ukae na mama. Shikamoo kwanza. Muulize nyumbani wanaona ni nini, wameshampeleka wapi, amepewa nini cha kunywa au kujifukiza, na wanaogopa nini akitibiwa hapo. Hilo la kunywa usiliruke, maana mizizi na vidonge vinaweza kugombana tumboni na hakuna atakayekutajia kama umeshamdharau. Kisha mwambie mapema, kabla ya sindano: mama, dawa hii inaweza kumkaza shingo au macho, ukiona hivyo niite hapohapo, tunayo ya kumtuliza. Akishaambiwa kabla, shingo ikikaza atakuita wewe.

Kama hirizi ina kamba ndefu au iko shingoni, hapo una hoja ya kweli, kwa sababu mgonjwa anaweza kujinyonga nayo. Mweleze mama hivyohivyo, mwombe aifungue yeye kwa mkono wake na akae nayo. Wengi wanakubali. Na kama kijana anafunga Ramadhani, muulize pia, hasa akiwa kwenye lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka, maana mwili ukikosa maji dawa hiyo hupanda kwenye damu hadi kumdhuru. Mjulishe daktari mapema.

Kesho ukiingia zamu, anza na huyo mama. Akikutajia mganga usikunje uso, andika kwenye faili alichopewa.