Shika filta kabla hujashika skrini: kwenu vijana wapya wa garaji

Jumanne nimerudi kutoka Mwembe Tayari kuchukua pedi za breki, nikamkuta mmoja wenu amekaa siti ya dereva kwenye gari ya umeme ya mteja, kidole kishafika kwenye skrini, anataka kubonyeza instoli. Mteja mwenyewe alilalamika nini? Gari inanuka kama tambara bichi, na akipita Changamwe macho yanamuwasha. Nikamuuliza kijana, filta ya hewa ya ndani umeitoa ukaiona? Akasema bado bosi, kuna apdeti ya programu imekuja, pengine itarekebisha. Betri ndogo je, umepima? Kimya. Nikamwambia shuka mwanangu, shuka kwanza.

Sikumpigia kelele, manake hayo maneno "pengine itarekebisha" nishawahi kuyasema mimi kwa mdomo wangu na yaliponifikisha nitawaeleza huko chini. Lakini hii ni mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila mara ni mtu mwengine, kwa hiyo naandika mara moja mpate kusoma wote, hata yule anayejifanya yeye ni wa programu tu hashiki spana.

1. Betri ndogo kwanza. Mnajua ile ya volti 12 ndo inayoamsha kompyuta zote, betri kubwa ya chini haijui habari za skrini yako mpaka kontakta, zile swichi zake kubwa, zifunge. Ikiwa imepumzika isome 12.6 au karibu na hapo, ikishuka 12.2 usianzishe chochote, weka chaja ya nje ndo uendelee. Na huku kwetu pwani angalia vichwa vya betri, ule unga wa kijani. Gari inalala Nyali hatua chache kutoka baharini mwaka mzima, kwani ulitarajia nini?

2. Piga picha skrini kabla ya apdeti. Ukurasa wa AC, ukurasa wa hewa, ile kinga ya joto la ndani, feni, vyote. Apdeti ikimaliza fungua picha ulinganishe kimoja kimoja, manake zingine zinarudisha mipangilio ya kiwandani kimyakimya na hakuna ujumbe wowote utakaokwambia.

Kuna dereva wetu wa teksi anapiga Mombasa-Malindi. Alikuja hapa amechoka, anasema akifika Kilifi kichwa kinauma na macho yanataka kufunga, na abiria nao nyuma wamelala wote wanne. Akadhani ni presha. Akaenda kupima, presha haina neno. Akaanza kunywa kahawa chungu vikombe viwili kabla ya safari na bado. Nikakaa nae ndani ya gari tukazunguka mpaka Mtwapa na nikaona taa ndogo ya hewa ya ndani inawaka, yaani gari inazungusha hewa ile ile bila kuingiza ya nje. Nikamuuliza hii umeiweka wewe? Akasema siigusi kabisa. Tukarudi nyuma kuhesabu siku, maumivu yameanza wiki ile ile gari ilipopata apdeti. Zamani ilikuwa ikiwaka yenyewe inachukua hewa ya nje, baada ya apdeti ikawa inaanza na ya ndani.

Sasa elewa kinachotokea pale. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi kama sehemu 420 kwa kila milioni. Ukifunga watu watano kwenye gari, vioo juu, hewa inazunguka ndani, haichukui muda kupita 2,000, na hapo kichwa kinakuwa kizito na usingizi unakuja, na huyu mtu yuko spidi 90 kwenye barabara ya Malindi. Nilipombonyezea kile kitufe nilijisikia vibaya kwamba siku zote hizo alikuwa anabeba watu hivyo. Lakini usije ukamwambia mteja asiitumie hewa ya ndani kabisa, manake ukiwa nyuma ya malori ya Jomvu ama kwenye foleni ya feri Likoni na lile trela limekuelekezea eksozi, hiyo ndo kinga yako, na tena kwenye joto AC inafanya kazi kidogo na betri inakaa. Funga kwenye moshi, barabara ikifunguka fungua. Mfundishe mteja hivyo kwa mdomo na umuoneshe kitufe.

3. Hii ndo yenyewe, someni polepole.

Ilikuwa mwezi wa tatu, lile joto la mwisho wa kaskazi kabla mvua hazijaanza, mnalijua. Mteja mmoja mtu wa makamo alileta gari yake ya umeme, mpya kiasi, malalamiko ni hayo hayo ya Jumanne: harufu, macho kuwasha. Alikuja na mamake. Bi mkubwa ana pumu, na ndo sababu hasa ya kuja, manake kila akipanda gari ile kifua kinambana na mwanawe alitaka lishughulikiwe siku ile ile.

Mimi nikaangalia skrini. Apdeti imeshashushwa, inangoja kubonyezwa, na kwenye maelezo yake kuna mstari unasema maboresho ya mfumo wa hewa. Nikaona nimepata. Sikufungua droo ya dashibodi, filta inakokaa nyuma yake. Sikupima betri. Nilimwambia mteja, mzee ni dakika 25 tu, pengine itarekebisha. Adhana ya alasiri ikapigwa, akaenda msikitini na funguo mfukoni. Bi mkubwa miguu ilikuwa inamuuma, akaniuliza, "Mwanangu, nikae hapa hapa ndani kwenye baridi?" Nikamwambia kaa mama, usijisumbue. Nikabonyeza, nikafunga mlango, nikavuka barabara kwenda kunywa kahawa.

Apdeti ikianza, AC inazima. Hilo nililijua. Kila fundi anayeshika gari hizi analijua. Sikulifikiria kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye ile asilimia inayopanda na sio kwa mtu aliyekaa siti ya nyuma. Vioo juu, jua la saa kumi, gari nyeusi. Halafu betri ndogo ikashuka katikati ya kazi na gari ikafa kabisa, skrini giza, vitasa vya nje ni vya umeme na havitoki.

Nilikaa kama dakika kumi na tano. Niliporudi nikaona kiganja kwenye kioo. Alikuwa hapigi kwa nguvu, alikuwa ameuweka tu mkono pale, na buibui limelowa shingoni. Nikavuta kitasa, hakuna kitu. Mlango wa mbele ndani una wenzo wa kufungulia kwa mkono lakini yeye yuko nyuma, na wa nyuma umefichwa chini ya kifuniko ambacho hata mimi ilinibidi nifikirie kiko wapi. Nikaanza kumuelekeza kupitia kioo, mama egemea mbele, pita kati ya siti, shika kile kidude karibu na kitufe cha kioo, vuta juu. Alivuta mara ya kwanza hakikufunguka. Mara ya pili pia. Nilikuwa nishashika nyundo mkononi. Mara ya tatu mlango ukafunguka na ile hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama ya tanuri la mikate.

Tukamkalisha chini ya mwarobaini, maji, inhela yake ilikuwa kwenye mkoba, akavuta mara mbili, akatulia polepole. Mwanawe akarudi kutoka msikitini akatukuta hivyo. Hakunitukana. Bi mkubwa ndo aliyesema, na alisema kwa upole kabisa, "Nilikuuliza nikae, ukaniambia nikae." Nimesikia matusi mengi ndani ya kazi hii na yote nimeyasahau, hilo sijalisahau.

Gari ililala hapa siku nne. Betri ndogo mpya, kuianzisha apdeti upya na vifaa vya kuazima, na sikumtoza hata shilingi, si kwamba ililipa kitu. Siku ya pili ndo nikafungua droo ya dashibodi nikaitoa filta. Ilikuwa ya kijivu inaingia weusi, vumbi lile laini la barabara ya malori limeshikana na majani ya mwarobaini, na upande mmoja imelowa na ina ukungu wa kijani unaoshika kidole. Nilipoigonga kwenye meza ilianguka tope. Bi mkubwa alikuwa anapuliziwa kile kitu usoni kila safari. Kuibadilisha ni dakika kumi, bei yake haifiki hata nusu ya betri ndogo, na apdeti ile ilipomaliza harufu ilikuwa pale pale mpaka filta mpya ilipoingia na evapareta, ile sehemu ya AC inayopoza hewa, ikasafishwa.

Kwa hiyo hapa kwetu sheria ni hii na haina mjadala: hakuna mtu wala mtoto wala paka ndani ya gari wakati wa apdeti, mlango mmoja wazi, funguo mkononi mwako, na wewe usiondoke. Ukitaka kahawa mtume mwenzako. Na siku ya kwanza mteja anakuja na gari ya vitasa vya umeme, muoneshe yeye na familia yake wenzo wa mkono uko wapi, mbele na nyuma, wavute wenyewe.

4. Filta yenyewe. Mshale uliochorwa juu yake ufuate hewa inakoelekea. Usiipulize na kompresa ya upepo, unachana nyuzi na unabaki na kitu kinachoonekana kisafi na hakishiki chochote. Usiioshe. Ile ya kawaida inashika vumbi tu, moshi wa dizeli na harufu vinataka yenye mkaa, na mkaa nao unajaa, haukai milele.

Mmoja wenu aliniletea video ya Tesla na ile modi yao ya kujikinga na silaha za kibiolojia, iliyotoka na Model X mwaka 2015, akaniuliza kwani sisi hatuwezi kumpakulia mteja programu hiyo? Mwanangu, ile ni filta ya HEPA, yaani inayonasa hata vumbi laini kabisa, kubwa kama sinia ya pilau, pamoja na mkaa, halafu feni inasukuma hewa kwa nguvu mpaka ndani kunakuwa na presha kuliko nje ili moshi usipenye kwenye mianya. Programu inaendesha feni tu. Gari isiyokuwa na filta ile haiwezi kupewa modi hiyo na apdeti yoyote. Lakini lilikuwa swali zuri na nimefurahi ameuliza.

5. Namba ya PM2.5 kwenye skrini, yaani vile vichembe laini vya vumbi na moshi vinavyofika mapafuni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa mwaka mzima 5. Ukiona skrini inasoma 3 na uko nyuma ya trela Miritini, safisha sensa. Na ukiona asubuhi na mapema imepanda bila moshi wowote, kumbuka unyevu wetu, vichembe vinanyonya maji vinavimba na sensa ya mwanga inavihesabu vikubwa. Usimtishe mteja kwa namba moja, angalia saa nzima.

6. Feni inayowaka yenyewe. Gari zingine zikishaegeshwa zinakausha evapareta, na hilo laweza kuja na apdeti kabla hapakuwa nalo. Mama mmoja wa Bamburi alinipigia usiku, sauti ya chini kabisa, ananiambia fundi gari inapumua peke yake uani na mume wangu ameshaanza kusoma dua. Nikamwambia mama, dua isomwe tu, ila gari ni nzima, inajikausha. Waelezeni wateja mapema ili walale. Na ambaye gari yake haifanyi hivyo, azime AC dakika tatu nne kabla ya kufika nyumbani na aache feni.

7. Mafuta ya kompresa ya AC ya umeme ni aina ya POE, ukitia PAG, yale ya kompresa za mkanda, umeua insulesheni, ile kinga ya umeme ndani yake, basi.

8. Nissan Leaf za zamani kutoka Japani hazipokei apdeti kwa hewa, yaani kupitia mtandao, msimpotezee mteja muda kutafuta kitufe. Na kwa zile zinazopokea, shusha kwa Wi-Fi ya hapa garaji, sio bando ya simu yako inayokatika ukiingia kwenye feri, na mwambie mteja mapema kwamba ikishaingia hakuna kurudi ya zamani.

Yule kijana wa Jumanne filta aliitoa baadae, nimeiacha kwenye meza ya kazi karibu na jiko la chai, msiitupe, kila mmoja aigonge aone kinachotoka. Betri ndogo ya gari ile ilisoma 11.9. Kesho saa mbili kuna gari ya Mtwapa inakuja na malalamiko ya harufu, na mwenye gari kaniambia atakuja na watoto. Benchi liko kivulini, maji ya baridi yawepo. Nani anashika mita?