Uyoga wa kikombe kwenye mti uliooza: usianze na rangi

Kosa linalorudiwa sana ni kupiga picha ya kikombe kutoka juu, kuandika "chekundu" na kuondoka. Rangi hudanganya. Vikombe vya Cookeina, vya waridi au vya machungwa, ambavyo huota kwenye vijiti vilivyooza katika misitu ya joto yenye unyevu, hupauka vikizeeka hadi vikakaribia weupe. Kinachokuambia jina zaidi ni upande wa nje na ukingo.

Hakikisha kwanza ni kikombe kweli. Ukikuta ndani vidonge bapa vilivyolala chini, hiyo ni Cyathus, uyoga wa kiota cha ndege, ukoo mwingine kabisa. Kikivutika kama mpira, fikiria Auricularia, uyoga wa sikio.

Usikikwanyue. Kata kijiti chenyewe, ukiache kikombe juu yake, kisha kitazame ubavuni kwa lenzi ya mara 10. Cookeina tricholoma ina nywele ndefu, zinaonekana hata bila lenzi, zimetapakaa nje na ukingoni. Za Cookeina speciosa ni fupi na zimejipanga karibu na ukingo; usipokitazama kikiwa kimekauka kidogo utasema hazipo, maana maji huzilaza. Phillipsia domingensis haina nywele: ni bapa, ndani ni nyekundu ya zambarau, nje imepauka, na kikonyo karibu hakuna. Kisahani chekundu cha milimita chache chenye nywele za kahawia iliyokolea ukingoni ni Scutellinia, lakini spishi zake huwezi kuzitenganisha bila hadubini.

Kwa hadubini, chukua wembe mpya na ukate kipande chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Tone la kwanza la kukilowesha kipande hicho liwe maji matupu, na kikombe kiwe kibichi. Hili nalisisitiza hasa kwa vile vidogo vya chini ya milimita 5, kama Lachnum, Orbilia na Mollisia: matone ya mafuta ndani ya spora (chembe za uzazi za uyoga) na vilivyomo ndani ya seli huharibika ukikausha au ukianza na kemikali, na havirudi. Baada ya hapo ndipo uingize iodini ya Lugol pembeni ya kioo kinachofunika kipande na uangalie kama ncha ya kifuko cha spora inageuka buluu. Dawa ya Melzer, ambayo nayo ina iodini, huficha baadhi ya mabadiliko hayo, kwa hiyo isiwe ya kwanza.

Vipimo vya spora huharibika kwa sababu moja kubwa: watu hupima zile ambazo bado zimo ndani ya vifuko. Hizo huwa changa, fupi, na michirizi ya urefu inayotambulisha Cookeina bado haijajitokeza. Laza kikombe juu ya kioo safi, uso ukitazama chini, kifunike na bakuli usiku kucha, kisha upime spora zisizopungua 20 kati ya zilizodondoka. Michirizi ikiwa hafifu, tumia rangi ya cotton blue na upashe kioo moto kidogo bila kuchemsha.

Sampuli hukaushwa kwa joto la takriban nyuzi 40 na kuhifadhiwa kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki huleta ukungu. Andika juu yake aina ya mti ukiijua, na kama gome lilikuwepo. Mollisia ya kijivu usiyo na vipimo vyake vibichi iandike "Mollisia sp." (yaani spishi haijatambuliwa) tu, hata kama picha inafanana na jina fulani.