Fundi wa gereji na cheti cha VETA

Umeuliza kama fundi aliyejifunzia kazini, bila kupita chuo, anaweza kupata cheti. Anaweza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kile unachokijua tayari, kwa vitendo, na panapopwaya unaongezewa mafunzo mafupi. Huanzi sifuri.

Ila ukishakipata usibweteke. Mimi nilianza kwa kushika spana na kuosha vipuri kwa petroli, miezi hata injini siigusi. Dogo anayeingia gereji yetu leo anaanza na kile kimashine cha kupimia hitilafu. Anakichomeka chini ya usukani, anasoma majibu kwenye simu. Nami, fundi wake, nasogea karibu kimya kimya nimwangalie anavyofanya. Aibu kidogo, lakini gari linatoka.