Mfuko hauoni arusi: barua kwa mwanangu aliye Kasulu

Tabora

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu: umeolewa, umehamishwa kikazi kutoka Urambo kwenda Kasulu, na sasa una mtoto wa wiki sita, je, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, watajua wenyewe au ni lazima uwapelekee taarifa? Hawatajua. Kila mwezi mfuko unapokea michango yenye jina lako na namba yako, basi. Hauoni arusi, hauoni mtoto.

Anza na jina, maana hapo ndipo mafao ya watu hukwama. Chukua kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, barua ya ajira, hati ya mshahara na kadi ya benki, vipange mezani, usome herufi kwa herufi. Huku kwetu r na l hubadilishana viti bila kuomba ruhusa: Zuhura wa cheti anakuwa Zuhula wa NIDA. Mariamu wa shule ni Mariam wa benki. Kwako ni mtu mmoja, lakini kwa anayehakiki faili ni watu wawili, na benki inaweza kurudisha malipo kwa sababu ya herufi moja tu.

Kuhusu jina la mume, ushauri wangu ni uliache. Hakuna sheria inayomlazimisha mke kulichukua. Ukiamua kulichukua, usiishie kumwambia afisa utumishi. Pata kwanza hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, urekebishe NIDA, ndipo uende kwa mwajiri, benki na mfuko. Ukianzia benki, utakuwa na jina jipya huku na la zamani kule, na kila ofisi itakurudisha kwa mwenzake. Kama tofauti ni herufi tu, kiapo mbele ya wakili au hakimu husaidia kueleza kuwa majina yote ni yako, ila NIDA yenye kosa bado irekebishwe.

Halafu wategemezi. Ulipoajiriwa hukuwa na mume, ukatuandika mimi na mama yako. Sasa mume na mtoto waingie. Kwa mume, peleka nakala ya cheti cha ndoa. Kadi ya mwaliko na picha hazisaidii kitu. Kwa mtoto, peleka cheti cha kuzaliwa. Ile karatasi uliyopewa hospitali siku ya kujifungua ni tangazo la kizazi, si cheti, na wengi huichanganya. Cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kiombe kabla ya siku 90 kupita. Usisubiri ubatizo, na jina la mama kwenye cheti lifanane na la kwenye NIDA yako.

Nakala zithibitishwe na wakili au hakimu. Andika barua kwa mfuko, ipitie kwa mwajiri, utaje namba ya uanachama, cheki namba (ile namba yako ya utumishi iliyo kwenye hati ya mshahara) na kilichobadilika. Toa nakala mbili: moja waichukue, nyingine igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, ubaki nayo. Barua isiyo na muhuri huo, ikipotea, ni kama hukuandika.

Uhamisho nao una lake. Wakati wa kuhama kituo, mwezi mmoja au miwili unaweza kuruka. Fungua PSSSF Kiganjani, programu ya mfuko kwenye simu, uhesabu miezi iliyochangiwa. Wewe unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 15. Kwa mshahara wa shilingi 800,000 iingie 160,000: 40,000 yako na 120,000 yake. Ukiona pengo, toa hati ya mshahara ya mwezi ule umpelekee afisa utumishi mapema, kabla faili la Urambo halijazama kabatini. Pensheni inataka miezi isiyopungua 180 ya kuchangia, kwa hiyo usiseme mwezi mmoja si kitu.

Namba ya simu ukibadilisha, watumie siku hiyohiyo. Na mtu akikupigia akitaka pesa ili faili lako “lisukumwe”, kata simu.

Mama yako amempa dereva wa basi dumu la asali. Limefungwa kwa mpira mwekundu. Likifika mpira haupo, nipigie.

Baba yako