Usipime kina cha kutu peke yake

Nyinyi mnaoanza ukaguzi wa mabomba ya mafuta hapa Industrial Area, Nairobi, geji ya kina mtaizoea upesi. Kinachochelewa kuwaingia wengi ni urefu. Mashimo mawili yenye kina kimoja, moja laweza kukaa miaka na jingine likapasua bomba.

Chukua bomba la inchi 14, yaani kipenyo cha nje cha milimita 355.6, ukuta wa milimita 6.35, na chuma kinachoanza kuvutika bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 290. Shinikizo la kazi ni megapaskali 7. Kutu imekula nusu ya ukuta. Kwa fomyula ya awali ya ASME B31G, mwongozo wa Marekani wa kukadiria nguvu iliyobaki kwenye bomba lililoliwa na kutu, doa, yaani sehemu iliyoliwa, lenye urefu wa milimita 30 litapasuka karibu na megapaskali 10.7. Likiwa na milimita 100, ni 9. Likifika 300, ni 5.7, chini ya shinikizo ambalo bomba linabeba sasa. Kaa na kalkuleta uirudie hesabu hiyo mwenyewe.

Doa fupi hubebwa na chuma kizima kilicho pande zake. Likirefuka, msaada huo unakuwa mbali na ukuta uliokonda unabenuka nje. Na urefu ninaosema ni ule unaofuata bomba, kwa sababu mkazo mkubwa huzunguka mduara na doa la namna hiyo huukata njiani.

Kwa hivyo safisha mpaka chuma king'ae, maana kutu iliyogandamana huficha mashimo. Chora miraba kwa chaki, pima unene uliobaki kwa probu ya mawimbi ya sauti, andika kipimo kidogo kuliko vyote katika kila safu. Mashimo yaliyokaribiana kwa umbali usiozidi unene wa ukuta mara tatu, hapa kama milimita 19, yahesabu kuwa doa moja. Wengi huyaandika mbalimbali, na ripoti inatoka nzuri kuliko bomba lenyewe.

Kina kikizidi asilimia 80 ya unene wa ukuta, fomyula haitumiki tena. Wala usiitumie kwa ufa, au kwa mbonyeo wenye mkwaruzo. Hayo yana hesabu zake.

Nawasisitizia haya kwa sababu jijini hapa mabomba yanapita karibu na nyumba za watu. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilishika moto Sinai, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, na zaidi ya watu 100 wakafa. Simaanishi kwamba kutu ndiyo iliyosababisha. Nataka ujue petroli ikitoka inafika kwa nani.

Na kabla hujagusa doa la kina kwa brashi ya waya, dai shinikizo lishushwe. Desturi ni asilimia 80 ya lililokuwepo doa lilipogunduliwa. Kwenye mfano wetu hiyo ni 5.6, chini kidogo tu ya 5.7, kwa hivyo doa la milimita 300 linataka lishushwe zaidi ya hapo.