Kulazwa ambako kungeepukika: maswali yenu

Hivi kulazwa "kunakoepukika" ndo kukoje? Mtu akiumwa si anaumwa tu?
Anaumwa kweli, hakuna anayesema umedeka. Ila kuna magonjwa yakidhibitiwa vizuri kliniki mara nyingi hayafiki wodini: pumu, sukari, presha, kifafa, hata yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) iliyoachwa mpaka ikapanda kwenye figo.

Nna miaka 34, pumu ninayo tangu utotoni, inhela ya bluu inanitosha. Mbona nishalazwa mara mbili mwaka huu?
Basi haikutoshi! Ya bluu inafungua njia ya hewa kwa masaa machache tu, ule uvimbe wa ndani haiugusi, unajiona mzima kumbe moto uko chini ya majivu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema mtu mzima asitegemee ya bluu peke yake, apate na dawa ya kuvuta yenye steroidi, ndo inayotuliza ule uvimbe. Ukiona unaivuta zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudi kwa daktari.

Kazini ruhusa hamna na nikitoka kliniki imeshafungwa. Nifanyeje?
Hapa ndo penyewe, na mi sipendi kabisa wanaosema wagonjwa ni wazembe, maana mtu wa shifti akikosa siku amekosa hela, anaahirisha, dawa zinaisha, anakaa wiki mbili bila dozi, halafu siku moja anabebwa. Omba dawa za miezi miwili mitatu kwa mpigo kama hali yako imetulia, ulizia kama wanahudumia kwa simu, presha jipimie nyumbani uandike. Na bosi mwambie mapema, masaa mawili ya ruhusa ni nafuu kwake kuliko wewe kulala wodini siku tano.

Mume wangu ana sukari aina ya kwanza, akitapika hali kitu, na insulini anaacha. Sawa?
Hapana, hapana! Mwili ukiumwa sukari inaweza kupanda hata bila kula, na bila insulini unachoma mafuta, asidi inajaa kwenye damu. Apime kila baada ya masaa machache, anywe maji, ampigie daktari, dozi inabadilishwa, haikatwi yote. Akizidi kutapika mpelekeni.

Pombe nayo inachangia mtu kulazwa?
Sana, hasa kwa mwenye kifafa: usingizi unaharibika na dozi inasahaulika.

Kwa hiyo nikizidiwa nivumilie nyumbani?
Wee! Kifua kinauma, pumzi hazitoshi kumaliza sentensi, degedege imepita dakika 5, kimbia hospitali sasa hivi.