Jujitsu: Ukiwa Chini, Fikiri Kama Mwanamieleka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mkanda wa bluu, nina kilo 68, na klabu yetu hufanya mazoezi bila gi, lile koti zito la jujitsu. Nikiwa gadi ya kipepeo, yaani nimekaa na nyayo zangu zimenasa chini ya mapaja yake kama ndoano, mwenzangu kapiga magoti, nampitishia mkono wa kulia kwapani na kumnyanyua kwa mguu wa kulia nimpindue kushoto. Kila mara anaweka mkono chini, anatulia, kisha ananilalia na kuvuka gadi, yaani kuipita miguu yangu. Nguvu za miguu ninazo. Nakosea wapi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Marahaba. Umeshakosea kabla mguu haujanyanyuka. Unajaribu kumbeba mtu aliyetulia, na mtu aliyetulia ni mzito hata kama mizani inasema mko sawa. Mwanamieleka haanzi kwa kubeba. Anaharibu mkao kwanza: kichwa, halafu mikono, na miguu ndiyo ya mwisho.

Mfikirie mpinzani kama meza. Huwezi kuiangusha kuelekea upande ambao mguu wake umesimama imara. Uondoe mguu huo kwanza. Ukipindua kuelekea kushoto kwako, mguu wa meza unaokuzuia ni mkono wake wa kulia. Ukamate kwa mkono wako wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, kwa nyuma. Wengi hushika kifundo cha mkono, na mkishatoka jasho kifundo huteleza kama samaki. Paji la uso liingie chini ya taya lake, limsukume mpaka mgongo unyooke. Hapo ndipo unaangukia bega la kushoto huku ndoano ya mguu wa kulia ikipanda. Ukianguka chali, umemkaribisha akulalie.

Sasa tuseme mkono umekuponyoka na ameshauweka chini. Usirudi kukaa uanze upya! Uzito wake wote umehamia kwenye mkono ule, na mguu wake wa kushoto, ulio juu ya ndoano yako, umebaki mwepesi. Huo ndio wa kuchukua, kwa mpango huu:

Kiganja chako cha kushoto kiweke chini nyuma yako, unyanyue makalio, na uuvute mguu wa kushoto urudi chini ya kiuno mpaka goti na vidole viguse mkeka. Wakati huohuo mkono wa kulia unashuka kutoka kwapani hadi nyuma ya goti lake. Ndoano isitoke mpaka mkono umelifikia goti. Ukiitoa mapema, anauvuta mguu na umepoteza kila kitu. Mkono wa kushoto uje ufunge, kiganja kwa kiganja, bila kupachanya vidole, maana vidole vilivyopachanywa huumia. Sikio lako likae kwenye mbavu zake upande wa ndani, macho juu.

Ukishasimama, bana mguu huo kati ya magoti yako. Piga hatua ya nyuma kwa nusu duara huku bega likilikandamiza paja lake kwenda chini. Atakaa kitako. Kumvuta kwa mikono peke yake hakusaidii. Atarukaruka kwa mguu mmoja mpaka ukingo wa mkeka na wewe umechoka.

SWALI: Mimi wapinzani wangu hawapigi magoti, wanasimama mbali. Nifanyeje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usilale ukimngoja. Kaa, mguu mmoja mbele, mkono mmoja nyuma, na usogee kwa makalio. Chora akilini mstari unaounganisha nyayo zake mbili. Kwa kuufuata mstari huo ana nguvu. Kwa kuukata, mbele au nyuma, ni dhaifu. Basi kila mvuto wako uukate.

Akiinama kushika miguu yako, weka kiganja kwenye kisogo chake, kiwiko kikishuka kifuani pake, umvute chini kwa uzito wa mwili, si kwa msuli wa mkono. Atakuwa na njia mbili tu. Akiweka mikono chini, vuta mkono mmoja uvuke kifua chako na uzungukie mgongoni. Mbrazili Marcelo Garcia, bingwa wa ADCC (mashindano makubwa ya kukabana bila gi) wa kilo 77 mwaka 2003, 2005, 2007 na 2011, aliwatesa watu kwa mvuto huo wa mkono akiwa amekaa. Akikataa kuinama na kujinyoosha, uzito unarudi visiginoni: mfuate papo hapo, kamata mguu ulio karibu, inuka. Ukichelewa kwa pumzi moja, ameshatulia tena.

SWALI: Kila nikiinuka na mguu wake naliwa kabali.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kichwa chako kinatazama mkeka, au kimebaki nje ya nyonga yake. Kirudishe ndani, sikio mbavuni, shingo ndefu. Mkono wake ukianza kuzunguka shingo, acha mguu kwa nukta moja ukamate kifundo cha mkono huo kabla hajafunga. Ikiwa ameshafunga na umeangukia juu yake, vuka kwenda upande wa pili, mbali na kwapa lililokibana kichwa, ukimkandamiza kwa bega. Ukibaki katikati ya miguu yake, piga mkeka mapema, ishara ya kukubali kushindwa. Shingo haina mbadala.

SWALI: Nikiinuka hivyo mashindanoni, ni alama za kupindua au za kuangusha?
Msomaji, Arusha

JIBU: Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, zote ni alama 2, basi usiumize kichwa. La kukumbuka ni kumdhibiti ukiwa juu kwa sekunde 3.

Na kwa wote wanaouliza zoezi: raundi 3 za dakika 3, mmoja amekaa, mmoja amepiga magoti. Raundi ya kwanza aliyekaa anapata pointi kila mkono wa mwenzake unapogusa mkeka, kupindua marufuku. Ya pili, mkono ukigusa, inuka na mguu usimalizie. Ya tatu, malizia. Badilishaneni, kisha rudieni kwa upande wa pili, ambao karibu kila mtu huukwepa.